Ukoo wa Kumi na Moja

Tura,
3 Agosti 1958

Kaka Alois,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na kwa sababu mama amekaa hapa barazani anapukuchua mahindi, na kila nikipumzisha kalamu ananiuliza kama nimeshakuamkia. Basi nimeshakuamkia. Hali yako sikuulizi, maana umeieleza mwenyewe ukurasa mzima, hata jino ulilong'olewa huko Kampala nimepata habari zake. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua ila kanisani anafika, mtama tumeshavuna, na mvua ya mwaka huu haikutunyima kitu. Anakusalimu sana na anauliza utaoa lini. Hayo ndiyo nitakayomsomea. Yanayofuata ni yako peke yako.

Bahasha yako ililetwa na treni ya Jumanne, mwanzoni mwa mwezi uliopita, pamoja na kitambaa cha gauni na lile jarida la wataalamu lenye makala ya Profesa Selwin. Kitambaa nimempa mke wa mkuu wa stesheni, kimempendeza. Jarida nimebaki nalo.

Umeniomba mambo mawili, na umeyaomba kwa ulaini ambao sijawahi kuuona kwako. La kwanza, tarehe kumi na nane niwe Tabora mjini, mimi na Modest, tutolewe damu upya mbele ya wageni wa Profesa kutoka Ulaya, kwa kuwa wako wataalamu wenzake wanaoitilia shaka habari ya ukoo wetu. La pili, kabla ya siku hiyo niende kwa Bwana DC nikaape na kuweka sahihi kwamba tangu Modest aliponioa mpaka nilipomzaa Pelagia sikumjua mwanamume mwingine. Umeandika kwamba hilo ni jambo dogo kwa mwanamke mwenye heshima kama mimi.

Mwanamke mwenye heshima! Mstari huo niliusoma nimesimama, nikaona bora nikae. Miaka sita nimeishi kwa baba yetu kama mke aliyefukuzwa kwa uzinzi. Wewe ulilijua hilo, na hukuwahi kuandika hata neno moja la kunitetea. Leo heshima yangu imekuwa kitu cha thamani, ndiyo umekuja kuiazima.

Tuanze mbali kidogo, maana nasikia huko unawasimulia wenzako kwamba Profesa alikutafuta mwenyewe kwa sifa za akili zako. Mwaka 1951 ulikuwa unachemsha sindano na kufua bendeji, kaka. Siku aliyoshuka kwenye treni hapo Tabora na masanduku yake, na ile darubini aliyoifunga blanketi kama mtoto mchanga, wewe ulikuwa stesheni kwa sababu ulitumwa kupokea mzigo wa pamba. Ulijua Kiingereza kidogo, ukambebea sanduku moja, na tangu siku hiyo hukulitua. Sikatai kwamba ulijifunza upesi. Baada ya miezi mitatu ulikuwa unaangalia damu kwenye kioo mwenyewe na yeye anaandika tu.

Aliichagua Tabora, ndivyo ulivyotutafsiria, kwa sababu ya njia ya misafara. Alisema watu wa kila namna walipita hapa na mizigo yao, kutoka Ujiji kwenda pwani na kurudi, wengine wakakaa, wakaoa, wakazaa, na kwa hiyo hapa ndipo mahali pa kuona vizuri jinsi damu inavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Babu yetu alimfurahisha mno, yule aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo akarudi na mke Mgogo, na akasikitika kwa dhati kwamba ameshakufa na hawezi kumtoboa kidole.

Wewe unasimulia siku hizi kana kwamba watu walipanga foleni. Walimwita Bwana Damu. Waliosema ni mumiani walikuwa wengi kuliko waliomwamini, na kule Kwihara alikuta milango imefungwa kijiji kizima, kuku tu ndio waliompokea. Yule Yahaya, dresa wa hospitali ya mjini, ilibidi atangulie na mifuko ya chumvi kuwalainisha watu. Na bado hukupata koo za kutosha, ndipo ukakumbuka kwamba una dada.

Ni wewe uliyemtajia mtoto wangu. Pelagia alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mikono na miguu ilikuwa inamvimba kama maandazi, macho yanageuka manjano, na kila kipupwe kikiingia alilia mpaka sauti ikamkauka. Uliniambia daktari huyu atajua dawa. Kwa ajili ya neno hilo nilikubali, si kwa ajili ya chumvi. Dawa hakuwa nayo, na kusema kweli yeye mwenyewe hakuwahi kusema anayo. Ni wewe uliyesema.

Halafu mwezi wa tisa ukaniandikia. Uliniambia kwamba daktari anataka baba, mama na mtoto, wote watatu, na kwamba ukoo uliokosa baba si ukoo katika vitabu vyake. Koo mbili ulikuwa umeshazipoteza kwa njia hiyo. Uliandika kwamba hesabu isipotimia mwisho wa mwezi, atakwenda Kampala bila wewe na utarudi kwenye bendeji zako. Mwishoni ukaandika: Tekla mdogo wangu, usiniangushe. Mimi sikukuangusha. Liweke neno hilo mahali, utalihitaji.

Daktari alifika kwetu kule ng'ambo ya Sikonge na Yahaya. Wewe ulibaki mjini na darubini. Damu ikachukuliwa, Yahaya akaandika majina yetu kwenye vichupa, Modest, Tekla, Pelagia, wakapanda gari wakaondoka. Mimi nilirudi jikoni na sikuifikiria siku ile tena.

Pasaka iliyofuata ulitutembelea umevaa viatu vipya. Ya siku ile sikuyajua mpaka mwezi uliopita, aliponieleza Modest mwenyewe. Mimi nilikuwa kanisani na mtoto. Shemeji yako alikukaribisha, akakuwekea asali, akakuuliza kwa unyenyekevu, kwa kuwa wewe ni msomi na umeiona damu yetu, ni nini kinachomtesa mwanawe. Ukamweleza. Ukamwambia ugonjwa ule hauji kwa mtoto ila utoke pande mbili, nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ukamwambia nusu ya Tekla umeiona kwa macho yako, na damu yake yeye Modest ni safi kabisa, haina kitu. Akakuuliza maana yake nini. Ukamjibu kwamba kioo hakidanganyi. Halafu ukamwomba asilitaje jina lako katika jambo hilo, ukamaliza asali, ukapanda baiskeli.

Wiki moja baadaye Modest aliniambia nirudi kwetu. Nilipiga magoti nimuulize kosa langu, akasema niende nikamuulize kaka yangu. Nikakuandikia. Ukanijibu kwa mistari mitatu kwamba niuchunguze mwenendo wangu mwenyewe. Mahari ikarudishwa. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kuniita kwa jina langu, na hakuniita tena mpaka alipokufa. Nikibaki peke yangu nilikuwa nahesabu wanawake wote wa kijiji, huyu au yule, nani kanisingizia. Wewe sikukuhesabu hata siku moja.

Pelagia alikufa mwaka jana mwezi wa pili, mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alikuwa na miaka saba. Siku tatu za mwisho aliomba nimkande miguu, na nilipomkanda alilia, na nilipoacha alilia. Modest hakuja. Hakuna mtu wa kwao aliyekuja, wala yeye hakunyoa kichwa kama baba anayefiwa na mtoto. Alizikwa kama mtoto wa mama tu, na watu walichimba kaburi upesi upesi wakaenda shambani. Na wewe, mjomba wake, ulituandikia pole ya mistari miwili, kisha ukauliza tarehe kamili, umri wake kwa miezi, na kama kuna mtu aliyemshika tumbo kujua wengu ulikuwa umevimba kiasi gani. Barua ile niliichoma. Hii ya sasa sikuichoma.

Mimi ni darasa la nne, Kiingereza sijui. Nililichukua jarida lako nikampelekea Sista Imakulata, muuguzi wa zahanati ya misheni hapa Tura, akanisomea kwa mchana wa siku mbili, wagonjwa wakiisha. Kumbe tumechorwa. Wanaume ni miraba na wanawake ni miviringo. Kwenye Ukoo wa Kumi na Moja kuna mviringo uliotiwa wino nusu, ndiye mimi. Kando yake mraba mweupe mtupu, umeandikwa baba. Chini yao mviringo mmoja mweusi wote. Sista aliweka kidole pale, nikajua ni Pelagia.

Alinieleza pia fikira ya Profesa, na ni fikira nzuri, sitamnyima haki yake. Alijiuliza: ikiwa watoto wenye ugonjwa huu hufa kabla hawajazaa, mbona ugonjwa hauishi? Wenzake wanasema unabaki kwa kuwa aliye na nusu yake tu huponyoka malaria, akaishi akazaa. Yeye anasema hapana, unabaki kwa kuwa unazaliwa upya, damu ya mtu mzima asiye na kitu hubadilika yenyewe na kumpa mtoto kilema ambacho baba hana. Ushahidi wake mkubwa ni mraba ule mweupe. Kwa huo amepata nishani, amepata uprofesa, ametajwa kwenye vitabu vya Amerika na vya Bara Hindi, umeniorodheshea yote mwenyewe. Na jina lako limepigwa chapa mwishoni kwa herufi ndogo, kati ya watu wanaoshukuriwa.

Lakini uko mstari mmoja, kaka, ambao hukunitajia katika barua. Sista aliusoma mara mbili kwa sababu nilimwomba aurudie. Profesa anasema, wako watakaodhani mtoto huyu alizaliwa nje ya ndoa. Dhana hiyo ameiondoa, kwa kuwa uaminifu wa mama umehakikishwa na kaka yake, msaidizi wake, mtu wa kuaminika, anayemfahamu tangu utotoni.

Kwa Mzungu ulinitetea! Alipokuuliza, ulisema dada yangu ni mwaminifu, na ukasema bila kigugumizi, kwa sababu bila mimi kuwa mwaminifu hapakuwa na ugunduzi. Na mwaka huohuo ulikaa kwenye kiti cha mume wangu, ukala asali yake, ukamwacha aamini kwamba mimi ni malaya. Chupa ni ile ile. Nauliza ni lipi kati ya hayo mawili uliloliamini, na nadhani jibu ninalo: hukuamini hata moja. Uliona tu kila mahali panataka nini.

Nakuchukia, Alois. Nimelijaribu neno hili siku nyingi nione kama litaniuma, halikuniuma.

Sasa nami niungame langu, maana ninalo, na ni kubwa. Lilitoka kwako lakini nililifanya mimi.

Siku ile daktari alipofika, Modest hakuwepo. Alikuwa porini kurina asali, mwendo wa siku mbili, na kabla hajaondoka alikuwa ameapa kwamba Bwana Damu hatapata tone lake akiwa hai. Gari limeshasimama mlangoni, barua yako imo kwenye upindo wa kanga yangu, usiniangushe. Marko, mdogo wake, alikuwa uani anashona mzinga wa gome. Nikamwomba asimame mahali pa kaka yake. Hatukuona ubaya wowote. Modest asipokuwepo ni Marko anayekaa barazani kwa niaba yake, ni Marko anayepokea wageni wake, na hata siku ya ubatizo wa Pelagia ni Marko aliyesimama mahali pa baba kwa kuwa Modest alikuwa anaumwa. Baba yao mmoja, mama yao mmoja, titi walilonyonya ni lile lile. Tulisema damu yao ni moja, na tulivyosema ndivyo tulivyoamini. Marko akakunja shati. Yahaya akauliza kama huyu ndiye Modest, na Marko alipositasita nikajibu mimi: ndiye.

Uongo huo ni wangu. Si wa Marko, si wa Yahaya. Niliusema ili wewe uende Kampala. Na miaka yote hii sikujua kwamba kwenye kichupa kile ndimo nilimohukumiwa, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeona ninastahili kuambiwa nimeshtakiwa kwa ushahidi gani. Kama ungeniuliza swali moja tu siku ile ya Pasaka, ungengoja nitoke kanisani, ningekujibu hapo hapo mlangoni na mtoto mgongoni.

Damu haikubadilika, kaka. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa kwetu. Mraba mweupe wa Profesa ni Marko.

Nilipanda treni mpaka Tabora, nikapata lori la tumbaku mpaka Sikonge, na nilikanyaga uwanja wa Modest kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Mke wake mpya alinipa kiti. Marko alikuwa amerudi mwezi wa tano kutoka kwenye mkonge wa Tanga, akawepo, na nikayasema yote mbele yao wawili. Nilipomaliza, Modest akanieleza ya Pasaka. Wiki iliyofuata walikuja Tura wote wawili. Sista aliwatoboa vidole, akaweka tone la kila mmoja chini ya kioo, akaziba kingo kwa mafuta ya mgando, akaandika majina yao mbele ya macho yao. Kesho yake akawaita waangalie wenyewe. Za Marko zilikuwa duara. Za Modest zilikuwa zimejikunja kama mundu, nyingi, kama zangu.

Modest alikaa kwenye darubini muda mrefu. Akamuuliza Sista kama basi mtoto alikuwa wake. Sista ni mwanamke mkweli kuliko wewe. Alimwambia kioo hakiwezi kuapa kwamba yeye ndiye baba, kinachoweza ni kuacha kusema kwamba siye, na lililobaki amuulize mama wa mtoto. Akatoka nje akaniuliza. Nikamjibu. Akaomba nimwonyeshe kaburi. Alipolifikia alitafuta mahali pa kukaa, pakakosekana, akakaa chini kwenye majani, na Marko akaenda kwa katekista kuazima wembe, akamnyoa kichwa pale pale.

Kabla ya kupanda treni aliniomba nirudi kwake. Nilimwambia hapana. Alikuwa na miaka sita ya kuniuliza swali moja.

Ijumaa iliyopita Sista aliandika kwa Kiingereza barua niliyomtajia neno kwa neno, na imekwenda kwa Profesa. Ndani yake mna majibu ya damu, sahihi ya Modest, dole gumba la Marko, na jina langu. Nimemweleza kwamba aliyemdanganya Yahaya ni mimi, na kwa nini. Nimemweleza pia kwamba mtu wake wa kuaminika alimwambia yeye hivi na mume wangu vile, juu ya kichupa kimoja. Namwonea huruma kidogo, maana ni mzee na kazi yake ni ya miaka mingi, na alikubali mbele ya dunia nzima kwamba mimi ni mwaminifu hali hanijui. Wewe ulinibeba mgongoni kuvuka reli nilipokuwa mdogo.

Tarehe kumi na nane tutakuja. Watatu, si wawili, na kila mmoja atataja jina lake mwenyewe kabla ya sindano. Kwa Bwana DC sitakwenda. Niliapa vya kutosha mbele ya watu wasionisikiliza, sina kiapo kilichobaki cha kukupa wewe.

Wakikufukuza kazi usije kulalamika kwangu. Ukitaka kuja nyumbani, njoo, mama bado anakupenda na chumba chako kipo. Ila kutoka stesheni pitia kwanza makaburini umwombe radhi mpwa wako, ndipo uingie kwenye nyumba hii.

Wasalimie wote huko wanaonijua kwa namba. Waambie huyo wa mviringo wenye wino nusu anaitwa Tekla.

Ndimi mdogo wako,
Tekla, mama wa Pelagia Modest